Fidla Sita kwa Watoto Kumi na Wanne

Sikukuu pili ya Idi ndogo, Juni 2018, niliwapanga watoto wangu kwenye uwanja mdogo wa mtaani kwetu, Ng'ambo ya mji wa Zanzibar: sita wenye fidla mbele, wanane waimbaji nyuma. Wavulana kanzu mpya, wasichana magauni ya kumetameta, wote wamefukizwa udi tangu asubuhi. Kila mpiga fidla alikuwa na karatasi yake ya noti, nimeibana kwa vibanio vya nguo kwenye mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Kusi ilikuwa ikivuma tangu alfajiri. Tulipofika ubeti wa pili ikaja dharuba moja kutoka upande wa pwani, karatasi zikapaa. Moja ilikwenda kuangukia kwa muuza mihogo. Fidla zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

Wanawake waliokaa kwenye mikeka chini ya mwembe hawakunyamaza. Wimbo ule waliujua tangu hawajaolewa. Waliendelea nao kwa makofi, wakaumaliza ubeti wa pili, wakaingia wa tatu, huku wakitutazama na kututikisia vichwa: haya, ingieni. Watoto hawakuweza kuingia. Nilikuwa nimewafundisha miezi saba, na hawakujua pa kuingilia katika wimbo ambao bibi zao waliuimba wakiwaogesha. Nikaichukua fidla yangu, nikaumaliza wimbo na wale wanawake, na watoto wangu wamekaa wameziweka fidla mapajani.

Hakuna aliyetulaumu. Nilimsikia mama mmoja akisema, "Wamejitahidi, masikini." Neno lile lilinikaa kooni usiku kucha. Upepo haukuwa na kosa. Nilikuwa nimewafundisha kusoma karatasi, na wimbo wenyewe nilikuwa sijawafundisha.

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya kidumbak. Baba alikuwa mpiga sanduku, lile sanduku la mbao la majani ya chai lenye mti na uzi mmoja. Asiyeijua kidumbak aelewe kwamba ni ngoma ya harusi za watu wa kawaida: vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, cherewa za kutikisa, sanduku na fidla moja. Fidla ndiyo inayobeba mambo yote. Inaanza yenyewe, mwimbaji anaifuata, inamjibu, na wachezaji wakipamba moto ni fidla iliyowachochea. Kwa hiyo mlio wa fidla niliujua kabla sijajua kuandika jina langu. Mwaka 2004, nikiwa na miaka 12, nilianza masomo kwenye chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichofungua milango 2002 katika jengo la zamani la forodha pale Mizingani. Huko nilifundishwa kukaa, kushika uta, kulegeza kifundo cha mkono wa kulia, na kusoma noti. Nilichokipata pale ninakishukuru hadi leo. Walimu wa taarab walikuwepo palepale, na maqamu, zile ngazi za sauti kama Rasti na Bayati, nilijifunza kwao. Lakini nilipoanza kukusanya watoto wa mtaani mwenyewe, mwishoni mwa 2017, nilishika njia niliyoiona rahisi kwa watoto wengi kwa pamoja: kitabu cha Ulaya chenye vijiwimbo vifupi, karatasi, na vibandiko vya rangi kwenye shingo ya fidla kuonyesha kila kidole kikae wapi.

Fidla zilikuwa sita, watoto kumi na wanne. Mbili niliachiwa na wageni waliokuja kujifunza taarab, nne ni za Kichina, nilizinunua Kariakoo, Dar es Salaam, moja moja kadiri nilivyopata. Nilitafuta za ukubwa wa nusu na robo tatu. Fidla ya watoto haina budi kumtosha mtoto kama kiatu. Namna ya kupima ni kumwekea begani, anyooshe mkono wa kushoto, na kile kichwa kilichojikunja kama konokono kiingie ndani ya kiganja bila yeye kujivuta. Mtoto akipewa ya mtu mzima kwa sababu ndiyo iliyopo, bega litapanda, shingo itakakamaa, na baada ya wiki mbili atasema mkono unamuuma. Kweli unamuuma.

Uhaba wa fidla niliuona kuwa balaa. Niliwaweka wawili wawili, wengine watatu watatu, mmoja apige, mwenzake asubiri zamu. Anayesubiri huchoka, akichoka huchokoza. Kwa hiyo, wiki ya kwanza baada ya ile Sikukuu, nilimpa anayesubiri kazi: aimbe. Aimbe kile mwenzake anachokipiga, sentensi kwa sentensi, na mpigaji asiguse uzi kabla mwenzake hajaimba. Sikutegemea makubwa. Lakini yule mwimbaji alianza kusema, "Hapana, siyo hivyo, sikiliza," na kuimba tena. Watoto wa miaka minane wakawa wanasahihishana sauti, na mimi nimekaa pembeni nakaza vigingi vya fidla iliyolegea. Leo ninazo fidla kumi na moja, na bado nawaweka wawili wawili.

Nilimwendea pia mzee mmoja wa mtaa wa pili, aliyepiga fidla kwenye taarab kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilichukua halua na chupa ya kahawa, nikafuatana na mvulana wangu aliyekuwa mbele ya wenzake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nilisikia yaliyokupateni Sikukuu." Hakuongeza juu ya hilo. Alimgeukia mtoto. "Haya, babu. Nipigie Rasti, anzia uzi wa re."

Mtoto akapiga: re, mi, kidole cha pili juu ya kibandiko chekundu, sol.

"Umeipita. Rudi kidogo."

Mtoto akakirudisha kidole hadi kikagusana na cha kwanza.

"Sasa umerudi mno."

Mtoto akanitazama mimi. Mzee akaomba ile fidla ndogo, ikawa mikononi mwake kama ya kuchezea, akaipiga sauti ile ya tatu, katikati, taratibu, uta mzima kutoka mwanzo hadi ncha. Nywele zilinisimama. Niliijua sauti ile. Niliipiga mwenyewe kila wiki nikiwa na watu wazima. Nilikuwa tu sijaona kwamba kibandiko changu chekundu kiliizuia isifike kwa watoto.

"Hapa kidole cha pili kina nyumba tatu," akaniambia. "Wewe umemwonyesha moja."

Asiyepiga ala huenda hili akaliona dogo. Sauti ya tatu ya Rasti imekaa kati ya zile mbili ambazo kinanda kinazo, na kinanda hakina kibonye chake. Akodiani nayo haina. Gitaa lina vyuma vilivyopigiliwa shingoni, kidole hakichagui. Shingo ya fidla ni tupu kama ya udi, ile ala ya nyuzi, haina alama, kila mahali ni mahali. Ndiyo maana fidla ilipata kiti chake katika taarab. Wazee wanatusimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuleta muziki huu kutoka Misri na akampeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwan Safaa, klabu ambayo mpaka leo iko hai, na 1958 ikaja Culture Musical Club. Ukienda kuwasikiliza leo utaziona fidla zimekaa safu, na jioni ikifunguliwa kwa bashraf, ambayo haina mwimbaji, utasikia zote zinapita njia moja, lakini kila mmoja ana mapambo yake madogo ya kidole. Hilo huwezi kuliandikia kibandiko.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia watoto tubandue. Walibandua kwa furaha, kama wanaomenya ganda la muwa. Furaha ilikwisha tulipoanza kupiga. Wiki tatu nzima hakukuwa na sauti iliyosimama mahali pake, na jirani mmoja, mtu mwema, aliniuliza kwa upole kama watoto wanaumwa. Mzazi mmoja alinijia akasema mwanawe alikuwa anajua na sasa hajui. Nilimwomba subira ya mwezi mmoja. Kwa wale wadogo kabisa, chini ya miaka saba, nilirudisha kibandiko kimoja tu, cha kidole cha kwanza, wapate pa kuanzia. Sivichukii vibandiko. Kwa anayepiga muziki wa Ulaya vinamfikisha haraka. Kwa Rasti na Bayati vinamfikisha pengine.

Waliopata njia mapema hawakuwa wale niliowategemea. Katika Bayati, ukianzia uzi wa re mtupu, kidole cha kwanza hurudi nyuma kidogo, siyo sana, na wengi hukirudisha mno au wakakiacha. Mtoto mmoja, mkimya, aliyekuwa wa mwisho katika kusoma noti, alikiweka kidole pale siku ya kwanza. Nikamwambia arudie. Akarudia palepale. Nikaja kujua kwamba kwenye chuo chao cha Kurani ndiye anayetangulizwa kwenye kisomo, na mwalimu wake ni msomaji wa lahani nzuri. Wasomaji wazuri wa Kurani wanazijua Bayati, Rasti, Hijazi na Saba, hata kama hawazitaji, na mtoto anayekaa mbele yao kila alasiri anazimeza. Sikumwambia kitu juu ya hilo. Kisomo ni kisomo na fidla ni fidla, sipendi kuvichanganya mbele ya mtoto, wala mbele ya mzazi wake. Lakini kuanzia siku ile niliacha kudhani kwamba watoto wananijia na masikio matupu. Kuna adhana mara tano. Kuna maulidi na dufu zake. Mtoto wa Mtendeni ameshaona Maulidi ya Homu kabla hajaanza skuli. Kuna redio ya bibi yake jikoni. Kazi yangu ni kumwonyesha kwamba hicho alichonacho kichwani kinapigika kwa vidole.

Hapo niseme kidogo juu ya wazazi, kwani bila wao hakuna mtoto. Wapo wasiopenda muziki kwa sababu ya dini, na mimi sibishani nao. Baba mmoja alimtoa binti yake, tukaagana vizuri, na yule binti nikikutana naye njiani tunasalimiana. Mama mwingine alikuja na masharti: mwanawe avae mtandio wake, asikose chuo hata siku moja, awe nyumbani kabla ya Maghribi, na Ramadhani asiguse fidla. Nikamwambia Ramadhani sisi sote hatugusi. Mwezi ule tunazifuta, tunalegeza nyuta, tunazifungia kabatini hadi Sikukuu. Akacheka, akasema basi mchukue. Zamani kwenye taarab mwanamke alikuwa mwimbaji, ala zikawa za wanaume. Leo mtu anaweza kwenda kuwaona Tausi, kikundi alichokianzisha Bi Mariam Hamdani, wanawake watupu, kuanzia mwimbaji hadi mpiga kanuni. Niliwahi kumchukua mama yule tukawasikilize. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza bei ya fidla.

Kuzitunza fidla ni kazi nusu ya ualimu hapa kwetu, na laiti ningeambiwa mapema. Masika unyevu unaingia mbaoni, vigingi vinavimba, havizunguki. Kaskazi ikikauka vinalegea, asubuhi unakuta nyuzi zote zimelala. Chumvi ya bahari inazila nyuzi za chuma, kwa hiyo kila mtoto akimaliza anafuta uzi kwa kitambaa kikavu, na vumbi la rozini, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye uta, analifuta kifuani mwa fidla kabla halijagandamana. Fidla imeunganishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, na hiyo inaachia kwa joto na unyevu. Ya kwanza ilipoachia ubavuni nilimpelekea fundi seremala hodari, akaibana kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikashika sana. Mwaka mmoja baadaye ilipasuka kifuani kwa ndani, ikabidi ifunguliwe, na mahali pale palikataa kabisa kufunguka bila kuvunja mbao. Gundi ile ya ngozi inaachia kwa makusudi, ili fundi apate kuingia ndani. Kosa lile lilinigharimu fidla nzima. Na kama unabadilisha nyuzi, badilisha mmoja mmoja. Ndani ya fidla kuna kijiti kimesimama kati ya kifua na mgongo, hakikubandikwa, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Kaka wa mwanafunzi mmoja alizitoa zote nne kwa pamoja, kwa nia ya kuzisafisha, kijiti kikaanguka, na fidla ikawa na sauti ya kopo.

Mwezi wa Novemba wa mwaka uleule tulialikwa harusini. Mwenye harusi alikuwa jirani, akataka watoto wapige nyimbo mbili kabla ya kikundi cha watu wazima. Hakuna karatasi safari hii. Walikuwa wanaziimba nyimbo zile mwanzo hadi mwisho, maneno na miitikio. Nilikaa nyuma yao na dumbak, nikamwachia mama mmoja mwimbaji awaongoze.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, watu wakaanza kutunza. Anayeijua taarab anajua: neno likimgusa mtu, anainuka, anakwenda mbele kwa madaha huku noti yake imeinuliwa juu, anampa mwimbaji, au anaibandika kwa mpigaji, anarudi. Shangazi wa bibi harusi alikuja, akamwekea mvulana wangu noti ya elfu mbili kwenye paji la uso. Mtoto akaacha kupiga ili aishike. Mwenzake wa kando akaacha amtazame. Fidla nne zikabaki, kisha mbili. Mama mwimbaji, Mungu ambariki, akaurudia mstari uleule mara tatu, kwa namna ya kuupamba, mpaka wakakusanyika tena. Wageni hata hawakujua. Hiyo ndiyo tofauti na Sikukuu: mara hii wimbo ulipowasubiri, walijua pa kuurudia.

Tulipokutana tena, nusu ya zoezi lote ilikuwa kutunzana. Watoto wasiopiga walipita na vipande vya gazeti, wakawabandika wenzao usoni, begani, wakawachezea mbele, wakawaita majina. Anayeacha kupiga anatoka, anaingia mwenzake. Walicheka hadi machozi. Lakini baada ya wiki nne ungeweza kumwaga maji mbele ya watoto wale wasikose mpigo. Zoezi hilo sikulisoma popote, na sasa halikosekani. Mwalimu anayewatayarisha watoto kupiga mbele ya watu wa Unguja kwa kuwakalisha kwenye chumba kimya, anawatayarisha kwa watu wengine. Watu wetu hawakai kimya. Wanaimba na wewe, wanapiga vigelegele juu ya sauti yako, wanakujia mpaka puani, na hiyo ndiyo heshima yao. Mtoto asipoizoea ataiona ni fujo, naye ataanza kuwaogopa watu ambao wamekuja kumpenda.

Fedha za tunza zile, elfu thelathini na kitu, tuliziweka katikati ya mkeka na kuzungumza. Wakubwa walitaka nyuzi. Wadogo walitaka maandazi na soda. Tulinunua seti mbili za nyuzi, iliyobaki ikawa maandazi.

Mwanzoni mwa 2019 tulianza kwenda kwa wazee, kwenye makao yao ya Welezo, Jumamosi moja kila mwezi. Nilifikiri tunakwenda kuwaburudisha. Safari ya kwanza nilipanga nyimbo tano kwa mpangilio, tukapiga mbili tu. Wazee walitaka ya kwao. Babu mmoja alitaja wimbo ambao mimi siujui, akauimba, akatulia, akatutazama. Ikabidi tujifunze palepale: anaimba mstari, watoto wanauimba, kisha wanautafuta kwenye nyuzi, naye anatikisa kichwa ndiyo au siyo. Saa nzima kwa beti mbili. Sijawahi kuwaona watoto wamekaza macho vile kwa mwalimu yeyote, nami nikiwemo.

Ilikuwa safari ya tatu au ya nne. Tulikuwa na wimbo ambao tulishaupiga mara nyingi, tunauanzia uzi wa la, sauti inayowafaa watoto kuimba. Tukaanza. Pembeni, karibu na mlango, alikaa bibi mmoja mwembamba ambaye safari zote zilizopita hakuwahi kusema neno. Alikuja, akakaa, akaondoka. Siku ile, tulipomaliza ubeti wa kwanza, alianza kuimba. Lakini aliimba chini, kwa sauti nzito ya mtu mzima, mbali kabisa na pale tulipokuwa. Hakuwa anaimba pamoja na sisi, alikuwa anaimba wimbo uleule mahali pake. Zikawa sauti mbili zinagombana. Wazee wengine wakageuka kumtazama, na niliona kidevu chake kinaanza kuinama, kama mtu aliyejutia.

Nyuzi za fidla zetu zimepishana kwa hatua zilizo sawa: sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wa Misri huzilegeza mbili nyembamba, ziwe sol na re, na yule mzee wa mtaa wa pili alinionyesha utamu wake, lakini kwa watoto sikuigusa. Katika namna yetu, wimbo unaoujua kwenye nyuzi mbili za juu, vidole vilevile, bila kubadilisha hata kimoja, vinaupiga kwenye nyuzi za chini yake. Hilo lilikuwa jibu, na mimi nililijua. Nilikuwa nimevuta pumzi ili niwasimamishe watoto, niwaeleze, tuanze upya.

Kabla sijafungua mdomo, uta mmoja ulikwishashuka. Alikuwa yule msichana wa mtandio, mwana wa mama mwenye masharti, miaka tisa. Macho yake yalikuwa kwa bibi, hayakuwa kwangu. Alipiga maneno mawili matatu peke yake kwenye uzi wa re, mwenzake akamsikia akashuka, kisha wa tatu. Kufikia mwisho wa ubeti fidla zote zilikuwa chini kwa bibi, na bibi kidevu kimeinuka. Aliimba beti zote. Ulikuwapo ubeti mmoja ambao sisi hatukuwa nao kabisa. Tulimfuata tu.

Garini, tukirudi mjini, nilimwuliza yule msichana nani alimfundisha kufanya vile. Alikuwa anakula embe, akanitazama kana kwamba swali lenyewe halielewi.

"Bibi kateremka, Mwalimu. Nami nikateremka naye."